Mkono wa Kushoto wa Rufus Tindall

Ellis Mabry alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili katika jimu ya mzee Cleveland Sykes siku Rufus Tindall alipopanda ngazi zake kwa mara ya kwanza. Miaka kumi na miwili ya kuruka kamba, kupiga gunia, na kukimbia kandokando ya reli asubuhi za barafu, pumzi ikitoka puani kama moshi wa jiko. Alikuwa mtoto wa kinyozi, mwembamba wa mifupa, na kila alichokijua mwili wake ulikuwa umekilipia kwa jasho. Siku ya kupimwa uzito ilimbidi ale mayai sita na kunywa maji mpaka tumbo lilie kama mtungi, ndipo mizani imkubali kuwa bondia wa uzito wa juu. Akishatoka chooni anarudi kuwa mtu wa ratili mia na sabini, hana hata moja ya ziada.

Lakini mikono yake! Watu wa Philadelphia ya Kaskazini walikuwa wakipanda hadi jimu hiyo, juu ya duka la matairi, kumtazama tu akifanya mazoezi. Mzee Sykes alikuwa akisema, "Huyu hapigi, huyu anaandika." Na Ellis akilisikia neno hilo alikuwa anaona miaka yake haikwenda bure.

Rufus hakuja kutafuta ngumi. Alikuwa ametoka Georgia na dada yake Odessa, akapata kazi soko la nyama, kubeba nusu za ng'ombe kutoka kwenye malori hadi kwenye kulabu. Wenzake walibeba nusu moja wawili wawili. Yeye aliitupa begani peke yake kama mtu anayejifunga shuka, akapanda nayo ubao, akaulizia nyingine. Mtu mmoja aliyemwona akaja kumsimulia Sykes, na Sykes akamwita: Ellis ana pambano mwezi wa tatu na jitu moja la Baltimore, kwa hiyo anahitaji mtu mkubwa wa kumzoeza. Kazi yenyewe ni kusimama tu ulingoni.

"Kusimama tu?" Rufus aliuliza, ameinamisha kichwa asigonge boriti.

"Kusimama tu," Sykes akasema. "Na ukiona nafasi, rusha ngumi."

Basi akasimama. Raundi mbili nzima Ellis alimpiga atakavyo, usoni, mbavuni, tumboni, na waliokuwapo wakawa wanahesabu kwa sauti na kucheka. Rufus naye alikuwa akicheka, kwa haya. "Samahani, bwana," akawa anasema, "sijui miguu niiweke wapi." Raundi ya tatu akaona nafasi, au akadhani ameiona, akarusha ule mkono wa kulia kama mtu anayefunga mlango wa ghala. Ellis aliuona unakuja tangu ulipoanza safari. Akainua glavu zote mbili, akabana viwiko, akazungusha bega kama alivyofundishwa, akaikinga ile ngumi.

Akajikuta amelala chali nje ya kamba, karibu na ndoo ya maji, na mkono wake wa kushoto hausikii kitu.

Alikuwa ameikinga vizuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angekuwa amekosea angesema nimekosea. Alifanya kila kitu sawasawa kama kitabu, na ile ngumi ikapita juu ya kila kitu kama lori linavyopita juu ya yai.

Mzee Sykes alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona vivuli na mwanga, basi. "Nini kimeanguka?" akauliza. Akagonga sakafu kwa kiatu. "Nimeuliza, nini kimeanguka?"

"Ellis, mzee."

Sykes akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesubiri mwangwi. Kisha uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo Ellis, kwa miaka kumi na miwili, hakuwahi kulipata. "Ile sauti," akasema. "Jamani, mmeisikia ile sauti?"

Kesho yake akamwita Ellis mbele ya watu. Hakumficha chumbani, hakumpunguzia.

"Mwanangu, wewe ni fundi. Sijapata kufundisha fundi kama wewe. Lakini uzito wa juu si duka la kutengeneza saa. Ufundi naweza kumfundisha yeyote mwenye masikio. Nguvu kama ile haifundishwi. Mtu huja nayo kutoka tumboni mwa mama yake, na asipokuja nayo, hata angekula mayai ya kuku wa Pennsylvania nzima, asingeipata."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele kutoka kwenye gunia, "Ellis, umenyang'anywa kazi na mchukuzi wa nyama!"

"Na lile pambano langu la mwezi wa tatu?" Ellis akauliza.

"Atapigana yeye."

"Hajui hata kusimama, kocha."

"Ndiyo maana utamfundisha wewe. Mimi nasikia tu. Wewe utakuwa macho yangu." Akamtafuta bega kwa mkono, akalipata, akalipigapiga. "Kazi nzuri hiyo. Tena huumii."

Ellis akakubali. Angekwenda wapi? Hakuwa na kingine alichokijua duniani.

Kama Rufus angekuwa mtu wa majivuno mambo yangekuwa rahisi. Chuki juu ya mtu mbaya ina mapumziko yake. Unachukia, unashiba, unalala. Rufus alikuwa mwema. Alimwita Ellis "mwalimu" ingawa walipishana miaka miwili tu. Kila Ijumaa alimletea kipande cha nyama kilichofungwa kwenye gazeti. Jumapili alimkokota nyumbani kwao, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, na Odessa, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyonyauka kwa maji ya moto ya kufulia nguo za hospitali, akampakulia mboga za majani zilizopikwa na mguu wa nguruwe, na mkate wa mahindi mkubwa kuliko wa mtu yeyote mezani.

"Kula, Bwana Mabry. Rufus anasema wewe ndiye mtu wa kwanza aliyemfundisha kitu bila kumtukana."

Ellis akala. Mkate ulikuwa mtamu, akaumaliza wote.

Juma la pili ndipo alipoona. Kila mara Rufus alipotaka kurusha mkono wa kulia, mkono wake wa kushoto ulishuka kutoka kidevuni hadi kiunoni. Ulianza kushuka kabla ya ngumi yenyewe, kwa kitambo cha kufumba jicho. Ilikuwa tabia ya mbebaji mizigo: bega moja likipanda, mkono mwingine unashuka kutafuta usawa. Kosa la kawaida, la kurekebishwa kwa mwezi mmoja wa subira. Unamfunga mtu kamba kutoka kifundo cha mkono hadi shingoni, akiushusha anajinyonga mwenyewe. Ellis mwenyewe alifungwa kamba hiyo alipokuwa na miaka kumi na mitano.

Akafungua mdomo amwambie. Wakati huohuo Sykes, kwenye kiti chake kando ya ulingo, akasema kama anaongea na nafsi yake, "Mungu amenikumbuka uzeeni. Miaka yote nilikuwa nachonga kijiti nikidhani ni gogo."

Ellis akafunga mdomo.

"Ellis," mzee akaita baadaye, "mkono wake wa kushoto uko wapi anapopiga?"

"Upo kidevuni, kocha."

"Una hakika?"

"Umeganda kama umeshonwa."

Akashangaa jinsi lilivyotoka kirahisi. Hakuwa amepanga. Alijiambia kesho atasema, na kesho yake akajiambia Jumatatu. Akamfundisha Rufus miguu, akamfundisha pumzi, akamfundisha kukata ulingo ili adui asipate pa kukimbilia. Alimfundisha vizuri kabisa, kila kitu isipokuwa kile kimoja, na kadiri kila kingine kilivyonyooka ndivyo kile kimoja kilivyozidi kujificha.

Jitu la Baltimore lilikaa dakika moja na nusu. Aliyefuata alikaa raundi moja. Wa tatu alibebwa kwa machela. Wa nne alipigwa kifuani, akakaa chini kwenye sakafu ya ulingo akilia kama mtoto, akakataa kuinuka. Hakuna aliyebaki wima muda wa kutosha kuuona ule mkono. Magazeti ya watu weusi yakaanza kuandika "Nyundo ya Georgia." Sykes akanunua kofia mpya. Mtaani watu wakimwona Ellis walimuuliza, "Nyundo hajambo?" kama vile yeye ni mchunga farasi.

Mwezi wa sita wakapewa Harlan Voss.

Voss alikuwa mzungu wa mji wa Cleveland mwenye miaka thelathini na sita, pua imelala usoni kama kitambaa, amepigana mara tisini na kupoteza karibu nusu. Nguvu hakuwa nazo tena, labda hakuwahi kuwa nazo. Alikuwa na macho. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Raundi ya kwanza na ya pili Voss hakufanya lolote ila kurudi nyuma, akizunguka, akitazama. Watu wakamzomea. Ellis, akiwa amechuchumaa kwenye kona na ndoo, ndiye peke yake aliyejua mtu yule anasoma nini.

Raundi ya tatu mkono wa Rufus ukashuka, na kabla ngumi yake haijafika popote, mkono wa kulia wa Voss ukapita pale palipokuwa wazi na kumgonga juu ya sikio. Lilikuwa pigo dogo, kavu, kama la mtu anayebisha hodi. Baada ya sekunde kumi ukabisha tena.

Mtu wa kawaida angeanguka kwa pigo la tatu. Angehesabiwa hadi kumi, angetiwa maji, angepelekwa nyumbani, na juma lijalo angekuwa anakula na kutaniana na watu. Ellis angekuwa ameanguka kwa la pili. Lakini Rufus alikuwa na shingo ya fahali na miguu ya nguzo, na nguvu ile aliyozaliwa nayo ikamshika, ikamsimamisha wima, ikamkataza kuanguka. Kila alichopewa akakipokea chote.

"Niambie," Sykes akasema baada ya raundi ya nne.

"Anapigwa, kocha."

"Nasikia anapigwa. Kwa nini anapigwa?"

"Voss ana bahati leo."

Baada ya raundi ya tano Rufus akakaa kwenye kigoda, jicho la kushoto limeziba, akamtazama Ellis kwa lile lililobaki. "Mwalimu, sioni zinatokea wapi. Niambie tu nifanye nini. Ukiniambia nitafanya."

Sponji ilikuwa mkononi mwa Ellis. Maji yalimchuruzikia viatuni. Neno lilikuwa dogo tu, mtoto angelisema. Akatazama ule uso uliokuwa unamwamini, akahisi ndani yake kitu kitamu na kichafu, akasema, "Songa mbele. Endelea kupiga."

"Haya," Rufus akasema, akainuka.

Raundi ya saba damu ikaanza kutoka sikioni, nyembamba, ikashuka hadi begani. Utamu wote ukamtoka Ellis mara moja, akabaki na ule uchafu. Kengele ilipolia akamvaa Rufus, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kwenye sikio la kushoto, "Inua mkono! Unaushusha mkono wa kushoto! Kila ukipiga unaushusha!"

"Ee?"

"Mkono, Rufus! Umekuwa ukiushusha tangu siku ya kwanza!"

Rufus akamtazama mdomo, akatabasamu, akatikisa kichwa kwa adabu kama mtu anayesalimiwa kwa lugha ya kigeni. Sikio lile halikuwa linasikia tena.

Lakini mzee Sykes alisikia. Akageuza uso polepole kuelekea kwenye sauti ya Ellis, yale macho meupe yakamkodolea. Taulo, lile ambalo likirushwa ulingoni pambano huisha, lilikuwa limelala begani kwake.

"Lirushe, kocha," Ellis akasema. "Lirushe, nakuomba."

"Bado amesimama?"

"Amesimama, lakini..."

"Basi." Na kengele ikalia.

Hakurusha. Ellis alipolivuta, mzee alilishika kwa mikono yote miwili, wakavutana pale chini kama wanawake wanaogombea khanga, na Sykes akashinda. Juu yao Voss aliendelea kubisha. Akabisha raundi ya nane nzima. Na katika ya tisa mikono ya Voss ikachoka kupiga kabla Rufus hajachoka kupigwa; akasimama kidogo kuvuta pumzi, mikono chini, na Rufus, ambaye huenda hakuona hata mtu, ila kivuli tu, akaufunga ule mlango wa ghala. Ukampata Voss mbavuni. Mtu yule alikunjika kama gazeti, akatapika, hakuinuka.

Ukumbi ukapasuka kwa shangwe. Mwamuzi akauinua mkono wa Rufus. Watu walikuwa wanalia kwa furaha, wanakumbatiana na wasiowajua, wanasema hawajaona mwanamume kama yule, amepigwa raundi saba na hakupiga goti. Chumbani, akiwa amekaa juu ya meza na taulo shingoni, Rufus alimgeukia Ellis na kuuliza kwa upole, "Tunapigana saa ngapi, mwalimu?"

Kila mtu akacheka. Walidhani ni mzaha.

Sykes akawatoa wote nje, akamfungia Rufus na daktari, akamshika Ellis kifua cha shati kwenye korido. "Ulijua."

"Nilijua."

"Miezi mitano ukaniambia umeshonwa kidevuni."

"Nipeleke unakotaka, mzee. Waambie watu. Lakini huyo asipigane tena. Umesikia alivyouliza?"

Ellis alingoja kofi, au kutemewa mate. Mzee aliinamisha kichwa upande. "Ameshinda," akasema mwishowe. "Tumepewa mtu wa New York mwezi wa kumi. Wewe utafunga domo lako, na mimi nitafunga langu. Ukienda kusema anaumwa, nami nitamwambia dada yake aliumizwaje." Akaliachia shati, akalinyoosha kwa kiganja. "Na mfunge ile kamba shingoni. Tuna miezi minne."

Ellis akamfunga kamba. Rufus alijifunza haraka. Baada ya juma tatu mkono ulikaa kidevuni bila kamba, haukushuka tena hata mara moja. Ila alikuwa anasahau kitu kingine. Alikuwa anasahau kurusha.

New York walimpiga raundi kumi. Mwezi wa kwanza, Chicago, walimpiga raundi tano, na daktari wa huko akamtazama machoni kwa taa ndogo, akaandika karatasi kwamba asipigane tena. Safari zote mbili Ellis alikuwa kwenye kona na ndoo. Magazeti hayakuandika tena. Mzee Sykes alisema jimu haina nafasi ya watu wagonjwa, akaanza kumsikiliza kijana mwingine.

Mwezi wa pili Ellis alikwenda kwa Odessa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakukaa kwenye kiti chenye mto. Akamwambia yote, kuanzia juma la pili, mkono, uongo, "songa mbele," taulo, kamba. Hakuacha kitu. Alipokuwa akisema, Rufus alikuwa dirishani akitazama theluji na kuimba wimbo wa kanisani, mstari mmoja uleule.

Odessa alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kukunja. Alipomaliza ile ya mwisho, akaiweka juu ya nyingine, akasawazisha pembe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Usiniite dada." Sauti yake haikupanda. "Ulikaa pale. Ulikula chakula cha mkono wangu. Mimi nikamwambia Mungu asante kwa ajili yako, kwa jina lako, kila usiku."

"Nipige. Mwite polisi. Lolote."

"Nikishakupiga, utakwenda zako umepata nafuu." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nimeajiri mwanamke wa kukaa naye mchana, akakimbia. Wa pili naye akakimbia. Rufus alimshika mkono tu, kwa kucheza, akamvunja vidole viwili. Hajui tena kipimo chake. Hatulii na mtu. Siku nzima ananiuliza jambo moja tu: mwalimu yuko wapi, mwalimu anakuja lini."

Ellis akaelewa.

"Mimi naingia kazini saa moja asubuhi," Odessa akasema. "Natoka saa kumi na mbili jioni. Utakuja saa moja kasoro robo, Jumatatu hadi Jumamosi. Utamlisha, utamwogesha, utampeleka chooni. Na haya uliyoniambia hutamwambia."

"Ana haki ya kujua."

"Hana tena pa kuyaweka. Unataka umwambie ili akusamehe, na atakusamehe, yule mjinga, hata kabla hujamaliza. Hupati msamaha huo. Kaa nayo."

Pale dirishani wimbo ukakatika. Rufus alikuwa amegeuka, amemwona mtu mlangoni, na uso wake mzima ukawaka.

"Mwalimu!"

Akaja kwa hatua mbili, akamkumbatia Ellis, akamwinua kutoka sakafuni kama mtu anayeinua mto. Mikono ile haikuwa imepungua hata ratili moja. Ikabana. Ellis akahisi pumzi inamtoka, hairudi, mgongo ukalia, macho yakaanza kuona nyota. Hakujaribu kujinasua. Juu ya bega la Rufus alimwona Odessa amesimama na rundo la shuka mikononi, anatazama, hana haraka.

Odessa alingoja, akangoja tena, kisha akasema, "Basi, Rufus. Mweke chini. Atakuja kesho."